Sehemu ya 14: Taa ya njano imewaka, fundi anataka kukata masega. Mama, uliza kwanza

Tangu niandike lile andiko la jiko la mkaa chumbani, swali lililokuja mara nyingi ni hili: "Sista, na moshi wa gari je?" Mmoja wenu akaongeza kwamba gari lao limewaka taa ya njano yenye mchoro wa injini, fundi amesema ni masega na yakatwe, na yeye ana mimba ya miezi sita. Hilo siwezi kulijibu kwa mistari miwili. Chemsha chai, leo ni refu.

Utasema nesi na ekzosi wapi na wapi. Ni kweli mimi siyo fundi. Ila kazi yangu ni kusoma vipimo na kuuliza maswali kabla dawa haijatoka, na kagari ketu ka nyumbani kamepita kwa mafundi wawili kwa tatizo hilihili. Nilikaa kwenye benchi la gereji, mtoto mgongoni, nikauliza mpaka fundi akacheka.

Tuanze na taa yenyewe. Ile taa ya njano ni homa. Wenzangu wa umri wangu mnakumbuka enzi ambazo kila homa ilikuwa malaria. Mtoto akichemka, vidonge. Hata huku kwetu kwenye baridi na ukungu, vidonge. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe, na leo ukija kliniki tunamtoboa mtoto kidole kabla ya kuongea mambo ya dawa. Wapo wanaokutwa na malaria, sawa. Wengine ni nimonia, wengine masikio, wengine mkojo. Homa ni ileile, chanzo tofauti.

Gari nalo hivyohivyo. Fundi anachomeka kimashine chini ya usukani, kinatoa herufi P na tarakimu nne. Wao wanaita kodi (siyo kodi ya nyumba wala ya TRA). Mimi nitaita namba, tusichanganyane. Namba inayotajwa sana kwenye hizi gari zetu za mtumba ni P0420. Maana yake: kompyuta ya gari imeona kama masega hayafanyi kazi kwa kiwango kinachotakiwa. Imeona kama. Haijaingia ndani ya bomba ikayatazama.

Masega ni nini? Ni kile kitumbo cha chuma kwenye bomba la moshi, karibu na injini. Ndani kuna kitu cha kauri chenye vitundu vidogo vingi sana kama sega la nyuki, ndiyo maana ya jina. Kuta za vile vitundu zimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita ukiwa wa moto, madini hayo yanasaidia kaboni monoksaidi igeuke kaboni dayoksaidi, petroli ambayo haikuungua iishie kuwa maji na kaboni dayoksaidi, na zile gesi chafu za naitrojeni zirudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Na msichanganye hizi kaboni mbili. Dayoksaidi ndiyo hii inayotoka ardhini kwetu Rungwe hadi inavunwa na kuwekwa kwenye soda. Nayo ikijaa shimoni inaua, lakini soda unakunywa na unaishi. Monoksaidi ni habari nyingine kabisa, nitaifikia.

Sasa, kabla ya masega kuna sensa ya oksijeni, na baada ya masega kuna nyingine. Ya mbele inaiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua, na kompyuta inarekebisha papo hapo, tena na tena. Kwa hiyo ukiangalia kwenye skrini ya fundi, sensa ya mbele inacheza: inashuka karibu volti 0.1, inapanda karibu 0.9, inashuka tena. (Baadhi ya magari yana sensa ya mbele ya aina nyingine isiyocheza hivyo, fundi mzuri atakwambia lako ni lipi.) Ya nyuma ni mkaguzi. Masega yakiwa mazima yanashika oksijeni na kuiachia taratibu, lile wimbi linalainika, na ya nyuma inatulia mahali kama 0.6 au 0.7. Ikianza nayo kucheza kama ya mbele, kompyuta inasema hapa kuna tatizo: P0420.

Lakini sensa inajua kile kinachoifikia puani tu. Shika hilo, maana kila kitu kinaanzia hapo.

Fundi wa kwanza alisoma namba, akachomoa mashine, akasema, "Mama, masega yamekufa. Tunayakata, tunachomelea bomba tupu, gari inakuwa nyepesi, hata mafuta inakula kidogo." Bei Sh 50,000, na yale masega ya zamani yanabaki kwake. Baba watoto alikuwa ameshashika simu atume hela. Ilikuwa hela ya sare na madaftari ya Januari, tuliyokuwa tumeitenga kwa shida.

Nikamuuliza, "Fundi, umejuaje kwamba yamekufa?"

"Si imeandika hapa, mama."

"Hapo imeandika homa. Kipimo kiko wapi?"

Alininunia kidogo. Tukamshukuru, tukaondoka kwa amani, na baba watoto akaninunia mpaka nyumbani.

Jamani, niseme hili la masega "kubaki" gereji. Yale madini matatu ni ya bei kubwa, na kuna wanaonunua masega ya zamani ili wayachambue. Ndiyo sababu huko Ulaya na Marekani wezi wanaingia chini ya magari yaliyoegeshwa na kuyakata usiku. Kwa hiyo fundi akikwambia masega yako ni takataka atakusaidia kuyatupa, mwambie asante, weka kwenye buti. Sisemi kila fundi ni mwizi. Wengi wanafanya walivyofundishwa na waliowatangulia. Nasema anayekushauri ukate asiwe ndiye anayefaidika na kilichokatwa.

Fundi wa pili tulimpata Uyole, kijana mkimya, mikono imejaa oili. Kabla hajagusa gari aliuliza. Taa iliwaka lini? Gari inamisi asubuhi? Inapunguza oili? Maji ya rejeta yanapungua? Mnaweka petroli sheli au ya kwenye chupa? Bomba la moshi limewahi kuchomelewa? Moyo wangu ukatulia. Hiyo ndiyo historia ya mgonjwa, na mtu anayechukua historia vizuri ameshamaliza nusu ya kazi.

Halafu akasoma kitu ambacho yule wa kwanza alikiruka. Kumbe taa inapowaka, kompyuta inahifadhi picha ya hali ilivyokuwa wakati ule: mwendo, joto la injini, mzunguko wake. Ukifuta namba, na picha inafutika. Kwa hiyo fundi akikwambia "nafuta kwanza tuone kama itarudi", mwombe aandike namba zote na ile picha kwenye karatasi kwanza. Kufuta bila kuandika ni sawa na kumpa mtoto dawa ya kushusha homa mlangoni, halafu unamleta kwangu nimpime joto.

Baada ya hapo alitafuta tundu. Gari likiwa baridi aliliwasha, mwenzake akaziba bomba la nyuma kwa kitambaa kinene akiwa na glavu, sekunde chache tu, yeye akatega sikio mbele. Tsss, tsss, tsss. Akanyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya bomba na mapovu yakatoka pale bomba linapoungana na masega. Gasketi imeungua, bolti moja haipo, pembeni kuna masizi meusi. (Usijaribu mwenyewe nyumbani. Bomba lile linababua ngozi, na moshi wake ndio huu tunaouongelea.)

Nikamuuliza, moshi unatoka kwa nguvu, sasa hewa ya nje inaingiaje? Akanieleza vizuri sana. Moshi hautoki mfululizo, unatoka kwa mapigo, kama moyo. Katikati ya pigo na pigo kuna mvuto mdogo, na hapo tundu linavuta hewa safi ndani. Hewa safi ina oksijeni nyingi. Sensa inainusa, inaripoti. Imesema kweli, ila kweli yenyewe siyo ya masega, ni ya tundu.

Gasketi, bolti mbili na ufundi: Sh 25,000. Injini ikachemka, akashikilia resi kama 2,500 kwa dakika chache, akanionyesha skrini: ya mbele inacheza, ya nyuma imetulia kama mtoto aliyeshiba. Ndipo akafuta namba. Akasema tuendeshe wiki nzima kama kawaida, tupande Isyonje na kushuka, kisha turudi apime tena, maana mara nyingi kompyuta inasubiri kuona tatizo kwenye safari zaidi ya moja kabla ya kuwasha taa. Tulirudi. Haikuwaka. Masega yaliyokuwa yakatwe ndiyo haya tunayotembea nayo.

Si kila mtu atapona kwa gasketi. Kuna wakati masega yamekufa kweli, na hapo swali la pili ndilo la maana kuliko bei: nani ameyaua? Masega yanaweza kuchoka kwa uzee, ila mara nyingi yanauawa. Injini inayomisi, kwa plagi mbovu au koili mbovu, inatupa petroli mbichi kwenye bomba. Petroli ile inaenda kuungulia ndani ya masega, joto linapanda mpaka kauri inayeyuka. Injini inayokula oili inayapaka uchafu. Maji ya rejeta yakivuja ndani ya injini yanayaharibu pia. Ukifunga masega mapya bila kumtafuta muuaji, umemrudisha mtoto mwenye kuhara nyumbani kwenye kisima kilekile.

Ndiyo maana taa ya njano ikiwa inawaka na kuzima, inapepesa, siyo sawa na iliyowaka ikatulia. Inayopepesa inasema injini inamisi sasa hivi kiasi cha kuunguza masega. Punguza mwendo, tafuta pa kusimama, ita fundi. Usilipandishe mlima Isyonje likiwa hivyo. Na usiliegeshe kwenye nyasi kavu.

Kuhusu namba nyingine nitapita haraka. P0130 mpaka P0135 zinahusu sensa ya mbele, P0136 mpaka P0141 ya nyuma. Ukiona P0135 au P0141, hiyo ni hita ndogo iliyo ndani ya sensa, kwa sababu sensa haifanyi kazi ikiwa baridi, inataka joto la nyuzi kama 300 hivi. Hapo fundi aangalie fyuzi na waya kabla ya kukuuzia sensa nzima. Huku kwetu kwenye matope na mvua, waya za chini ya gari zinapata taabu. P0171 ni hewa imezidi, inaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka. P0172 ni petroli imezidi. P0300 ni kumisi bila mpangilio, P0301 ni silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, inaendelea hivyo. P0430 ni ndugu yake P0420 kwa injini zenye pande mbili. Namba zikiwa zaidi ya moja, za kumisi na za petroli zitibiwe kwanza, P0420 isubiri. Mara nyingine inaondoka yenyewe.

Na lile swali la fundi kuhusu petroli lina historia inayotuhusu sisi wa watoto. Zamani petroli ilitiwa risasi, ile sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Risasi inaua masega pia, inayafunika yasifanye kazi, na hiyo ni moja ya sababu kubwa zilizofanya iondolewe. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar Juni 2001, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimeacha. Duniani kote ilikwisha 2021. Watoto wetu wa leo wanapumua hewa isiyo na ile risasi ya petroli, na kidogo ni kwa sababu ya hicho kitumbo watu wanachokikata.

Haya, sasa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ile harufu ya moshi ni ya vitu vingine, kwa hiyo usijidanganye kwamba ungeisikia. Ikiingia kwenye damu inashikana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, inakalia viti vyote, oksijeni inabaki imesimama. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Mama mjamzito ataambiwa ni mimba. Mtoto ataambiwa amechoka na safari. Kwa mimba ni mbaya zaidi, maana inavuka kondo la nyuma, kwa mtoto aliye tumboni inajikusanya kuzidi kwa mama, na inachelewa kutoka.

Tundu kwenye ekzosi ya mbele, chini ya boneti, linakuhusu kwa sababu ya baridi yetu. Fikiria asubuhi ya Juni Kiwira: vioo vyote juu, hita imewashwa, watoto wamefunikwa vitenge kiti cha nyuma. Hewa ya hita inavutwa kutoka pale karibu na kioo cha mbele, jirani kabisa na boneti. Mimi kipindi kile kichwa kilikuwa kinanigonga kila tukikaribia Uyole, kikiisha nikishuka nikatembea sokoni. Siwezi kukwambia ilikuwa gesi ile, hatukupima damu, na mimi ndiye ninayewahubiria kupima. Ila dalili inayokuja ukiwa ndani ya gari na kuondoka ukishuka, hasa ikiwapata wawili watatu kwa pamoja, usiipe jina la malaria. Simamisha, fungua milango, toeni watoto nje, na mwenye hali mbaya apelekwe hospitali akapewe oksijeni. Na mwambie nesi wazi: "Tulikuwa kwenye gari lenye moshi."

Kwa nini umwambie? Kwa sababu kile kifaa tunachobana kidoleni kupima oksijeni nacho ni sensa. Cha kawaida hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyokaliwa na monoksaidi. Kinaweza kuandika 98 mgonjwa akiwa anazama. Nikikumbuka hilo, yule kijana wa Uyole na maji yake ya sabuni namwona mwenzangu kabisa.

Dada uliyeniandikia wa miezi sita, jibu lako ni hili. Usikubali yakatwe. Bomba tupu litaachia moshi wa injini utoke kama ulivyo, na uchomeleaji mbaya utakuongezea matundu. Kuna wengine wanaweka kikorokoro nyuma ya sensa ili taa tu izime. Ni kuweka kipimajoto kwenye maji baridi, mtoto bado anaungua. Mtafute fundi mwenye mashine inayoonyesha mawimbi, siyo namba pekee. Mwambie akague matundu kwanza, kisha kumisi, kisha sensa, masega yawe ya mwisho. Mpaka hapo, ukilazimika kusafiri nalo, safari iwe fupi na vioo vya pande zote mbili viwe wazi kidogo hata kama baridi inauma. Na asubuhi mwambie shemeji asilipashe moto gari karibu na dirisha la chumba, wala ndani ya banda. Injini ikiwa baridi inatoa monoksaidi nyingi, na masega baridi hayafanyi kazi yoyote.

Mnaotaka kununua gari la mtu, fanyeni hivi kabla ya kutoa hela. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya njano lazima iwake, kisha injini ikinguruma izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameinyamazisha. Inama uchungulie chini uone kama kile kitumbo kipo au ni bomba lililochomelewa juzi. Muuzaji akikuuliza unatafuta nini, mwambie nesi amekutuma.

Swali la dada wa Katumba kuhusu taa ya oili, ile nyekundu, nitaliandika Jumamosi baada ya zamu ya usiku. Kwa leo ujue tu kwamba ile haisubiri Jumamosi: ikiwaka ukiwa barabarani, simama salama pembeni na uzime injini hapohapo.